Hapa Tunapunguza: Maisha ya Fundi Wetu wa Cherehani

Marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwita kwa neno lingine isipokuwa Fundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha mwisho, kile kilichopakana na tangi la maji. Baba yake alikuwa mpiga bendera wa stesheni na mama yake alikuwa dobi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Kwa maelezo ya mama yake, alizaliwa mkubwa kiasi kwamba mkunga alimpokea, akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu amekuja na mizigo yake."

Alianza darasa la kwanza Januari 1959 katika shule ya msingi ya reli. Sare zilikuja kwa vipimo vitatu, mdogo, wa kati na mkubwa, na hata huo mkubwa haukumtosha. Nyumbani hapakuwa na uwezo wa kushonesha nyingine. Akiwa darasa la nne aliifumua sare yake ubavuni, akaongeza kipande kirefu cha pazia kutoka kwapani hadi kwenye pindo. Sare ilikuwa ya buluu, pazia lilikuwa la kijani. Wenzake walimcheka wakamwita Kiraka, na jina likamganda. Lakini kabla muhula haujaisha, wasichana wawili walibisha hodi nyumbani kwao, kila mmoja na sare yake kwapani, wakimwita "dada Kiraka" kwa adabu ambayo hakuwahi kuisikia uwanjani. Hao ndio waliokuwa wateja wake wa kwanza. Dada yake mkubwa, ambaye tuko naye hapa, anakumbuka kwamba pazia la sebuleni lilizidi kufupika hadi wapita njia wakawa wanayaona magoti ya baba yao.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1965, akasomea ushonaji kwa miaka miwili katika chuo cha ufundi, kisha Februari 1968 akaajiriwa katika kiwanda cha sare. Kazi yake ilikuwa kushona mifuko, basi. "Miaka sita ya mifuko," alizoea kusema, "na wa kwangu mtupu." Mwaka 1974 alinunua cherehani ya miguu iliyokwisha kutumika, akakodi chumba kimoja katika mtaa wa mafundi baiskeli, mlango ukitazamana na kiwanda kidogo cha mikate.

Katika kazi yake alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja hata kwa mteja mkorofi. Hakukata kitambaa cha ndani. Kila upande wa mshono aliacha upana wa vidole viwili, akaukunja vizuri na kuuficha. Waliotaka kubana matumizi ya kitambaa walimnung'unikia. Aliwajibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: "Aliye hai hunenepa, hukonda, hubeba mimba, huzaa. Sanda peke yake ndiyo haihitaji akiba."

Ng'ambo ya barabara, kwenye kile kiwanda, alikuwapo kijana mwoka mikate. Mwaka huohuo alileta suruali ipanuliwe kiuno. Baada ya wiki chache akairudisha, mshono umeachia. Ikashonwa, ikaachia tena. Fundi, aliyejivunia mishono yake kuliko kitu chochote, alianza kujitilia shaka. Akabadilisha uzi, akabadilisha sindano, akamwita hata mtengeneza cherehani aikague mashine. Suruali iliporudi tena, aliigeuza nje ndani, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaona makombo ya mkate kwenye mshono.

"Kaka, uzi huu umekatwa na kisu cha mkate."

"Ndiyo, dada."

"Amekata nani?"

"Mwenye suruali."

"Kwa nini sasa?"

"Nimeishiwa na sababu za kuvuka barabara."

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1975. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike, na nyumba yao haikukosa mkate hata siku moja. Miaka ya baadaye, Fundi alipopata sifa kwa kazi ambayo ndiyo imewaleta wengi wenu hapa leo, mumewe alikuwa akiulizwa inakuwaje mwoka mikate akaishi na mwanamke kama yule. Alijibu: "Yeye anapunguza, mimi naongeza. Mtaa unabaki palepale."

Kazi hiyo ilianza kwa kosa la mchora vibao. Juni 2003 Fundi alimwagiza aandike juu ya mlango HAPA TUNAPUNGUZA NA KUPANUA NGUO. Mchoraji alipenda herufi kubwa. Alipofika TUNAPUNGUZA ubao ulikuwa umeisha, kwa hiyo maneno yaliyobaki akayaandika chini yake, ukutani. Februari iliyofuata mwenye nyumba aliupaka ukuta rangi mpya, na maneno ya ukutani yakazama. Mtaa ukabaki unasoma HAPA TUNAPUNGUZA. Fundi aliona, akasema atamwita mchoraji siku moja, kwani kila mtu si anajua ni nguo?

Mtu mmoja hakujua. Alikuwa mpishi wa shule ya jirani, mama mwenye umri wa miaka thelathini na kitu, na siku moja alipita hapo akitoka kazini, bado amevaa aproni.

"Hodi. Hapa ndipo mnapopunguza?"

"Ndipo, mwanangu. Karibu ndani."

"Mnapunguza sehemu gani?"

"Zote. Kiuno, mikono, makalio. Hata shingo ukitaka."

"Inauma?"

"Iume nini? Unaniachia hapa, unapita kuchukua Ijumaa."

"Nakuachia nini?"

"Hicho unachotaka kipunguzwe."

Mpishi alijitazama kuanzia kifuani hadi miguuni, kama mtu anayetafuta mahali pa kufungulia. "Fundi," akasema, "ni mimi mwenyewe."

Wanaosimulia kisa hiki, na Fundi alikuwa wa kwanza kukisimulia, husema kwamba alicheka hadi akaishikilia cherehani asianguke. Kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. Akamvutia kiti, akamsikiliza. Daktari alikuwa amemwambia mpishi apunguze uzito kwa sababu ya presha na magoti. Alikwenda kwenye ukumbi wa mazoezi, akakuta kiingilio ni sawa na mboga ya nyumbani kwake ya wiki nzima. Alikwenda kwenye kikundi cha kituo cha afya, akakuta kinakutana saa nne asubuhi, wakati sufuria zake ziko motoni na watoto wa shule nzima wanasubiri. Alifika mara moja kwa kuomba ruhusa. Uzito wake ulisomwa kwa sauti kutoka mwisho mmoja wa chumba hadi mwisho wa pili, na mtu asiyemjua akaguna. Alipewa karatasi yenye picha za vyakula. "Nyingine hata majina yake sijui kuyatamka," alisema. "Nikapita hapa, nikaona kibao chenu. Nikasema hawa angalau hawajaandika bei."

Fundi hakuwa mtaalamu wa lishe wala hakujifanya kuwa. Yeye mwenyewe alikuwa mnene tangu siku ya mkunga. Alimwambia mpishi: "Jumanne ijayo niletee gauni lako la zamani. Lile lililokukataa."

Gauni lilipokuja, alilifumua ubavuni, akalifikisha kwenye ukubwa wa siku ile kwa kutumia kitambaa cha akiba kilichokuwa ndani (lilikuwa limeshonwa naye), akalipiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda inayofumuka kwa kuvutwa. Mpishi akaondoka amelivaa. Kila gauni lilipolegea, bandi ilisogezwa ndani kidogo. Likibana, ilisogezwa nje, na Fundi hakuuliza kumetokea nini. Alisema tu, "Kitambaa kipo," akaendelea kushona. Watu ambao maisha yao yote mizani imewasema vibaya waligundua kwamba gauni halina mdomo.

Mpishi alimleta jirani yake, jirani akamleta mlinzi wa benki, mlinzi akaja na suruali. Wakakubaliana Jumanne, siku ambayo cherehani haikuwa na kazi nyingi, kuanzia saa kumi na moja jioni, ili anayetoka zamu akutane na anayeingia zamu. Watoto waliruhusiwa, wakapewa vifungo vya kupanga kwa rangi. Baada ya kupima walitembea pamoja hadi stesheni na kurudi, kwenye barabara yenye taa, kwa sababu wanawake waliwaambia waume zao wazi kwamba barabara nyingine zote wanazijua na hawazitaki. Waliosema miguu inauma walishonewa mikanda ya magoti kwa masalio ya vitambaa. Na kwa kuwa wengi walinunua mafuta ya kupikia kwa chupa ndogo na kuyamimina kwa kukisia, Fundi alipasha moto sindano nene, akatoboa kila kizibo cha chupa tundu moja. "Yatoke kama uzi," aliwaambia, "yasitoke kama bomba." Mpishi alilijaribu jambo hilo kwenye sufuria za shule, na hakuna mtoto aliyelalamika.

Alikosea pia, na hakuona haya kusema. Mwanzoni aliamini kwamba kuacha kifungua kinywa ni njia ya mkato. Mama mmoja wa kufua nguo, aliyekuwa akitumia dawa za sukari, aliacha kula kwa ushauri huo, akalegea akiwa kwenye kiti, midomo inatetemeka. Wakampa chai yenye sukari, akazinduka. Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya kituo cha afya, mikono mitupu, akimtafuta nesi yeyote atakayemfundisha. Aliyemkuta ni yule yule aliyekuwa akisoma uzito kwa sauti.

"Mama, sikujua kama inasikika hadi nje," nesi alisema alipoambiwa.

"Hadi kwangu ilifika, mwanangu. Lakini hayo yamepita. Niambie kuhusu hizi dawa za sukari."

Nesi alianza kuja Jumanne baada ya kazi, bila malipo, na alichowafundisha kilikuwa cha maana: nani asikose kula, nani asiruke dawa, nani amwone daktari kesho. Alileta na mizani. Fundi aliiweka nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Anayetaka anapanda, na namba inabaki kwake na kwa nesi.

Vita ya kwanza haikuwa dhidi ya uzito wenyewe. Ilikuwa dhidi ya neno. Mpishi alipoanza kuonekana tofauti, mama mkwe wake alikuja juu. Alisimama mlangoni kwa Fundi, mkono kiunoni. "Mnamkondesha mke wa mwanangu! Watu watasema hatumlishi. Watasema ana ugonjwa."

"Mama, karibu uketi. Mkweo hakondi."

"Macho ninayo!"

"Anapungua. Kukonda kunakujia wewe umekaa. Kupungua ni wewe unakufuata kwa miguu, tena jasho linakutoka. Hebu muulize alitembea hadi wapi jana."

Mama mkwe alifikiri. Akaketi. Akanyoosha mguu wa kulia mbele yake kama anayetoa kielelezo mahakamani. "Basi kama ndivyo," akasema, "nipunguzieni na hili goti." Alihudhuria kila Jumanne kwa zaidi ya miaka kumi, na aliyetamka neno "kukonda" mbele yake alirekebishwa papo hapo.

Ila jambo moja Fundi alilipigania kuliko mengine yote, nalo ni mlango. Alitaka anayerudi akiwa ameongezeka aingie kama alivyoingia siku ya kwanza. Alijua watu wa kipato kidogo hawaongezeki kwa ulafi tu. Mwaka 2015 mume wa mpishi aliachishwa kazi. Mpishi akachukua kibarua cha pili cha kuosha vyombo hotelini, akawa anakula amesimama, mikate iliyobaki, saa yoyote inayopatikana. Mwili ukarudi wote, na nyongeza. Akaacha kuja. Njiani alimwona Fundi kwa mbali, akageuza njia.

Fundi hakumtumia salamu. Alichukua gauni la mpishi lililokuwa limebaki kwake, akaenda jikoni kwa mpishi shuleni, akakaa juu ya gunia kati ya sufuria mbili, akaanza kufumua.

"Fundi, usinisumbue. Nitaingiaje Jumanne na mwili huu?"

"Kwa mlango."

"Wote watanicheka."

"Wataanzia wapi? Mlinzi ameongezeka, mama mkwe wako ameongezeka, mimi ndiyo usiseme. Simama nikupime."

"Wewe mbona hupungui, basi?"

"Kinyozi hajinyoi. Inua mkono."

Gauni lilifika, likamwenea. Vidole viwili vya akiba vilikuwa vimekwisha, umebaki upana wa uzi, lakini lilifika. Jumanne mpishi aliingia, na mtu wa kwanza kumsogezea kiti alikuwa mama mkwe wake.

Julai 2016 nyumba za mtaa wa mafundi baiskeli zilivunjwa kupisha barabara. Kikundi kikahamia ghala la unga la kiwanda cha mikate, kwa hisani ya mumewe na kwa ruhusa ya mwenye kiwanda, mwisho Desemba. Kila Jumanne jioni tanuri lilikuwa linatoa mikate ya mwisho, upande wa pili wa ukuta. Aliyeketi pale kwa muda wa saa mbili bila kuomba hata kipande alistahili cheti. Hapo ndipo kituo cha afya kilipotoa ukumbi wake: bure, jioni, na taa, maji na choo. Kilitaka sahihi moja tu.

Fundi aliusoma mkataba akafika kifungu cha nne. Mshiriki asiyepungua ndani ya miezi mitatu, au atakayekosa vikao vitatu mfululizo, ataondolewa kumpisha mwingine. Akaukunja, akaurudisha mkobani.

Wenzake walikasirika. Desemba ilikuwa inakaribia na hapakuwa na pengine pa kwenda. "Fundi, tia sahihi," alisema mlinzi wa benki. "Mtu mmoja asituponze wote." Hakumtaja mtu, ila wote walijua kwamba kwa kifungu hicho wa kwanza kutoka ni mpishi. Mpishi mwenyewe alisimama kwenye unga akasema, "Niacheni mimi. Tieni sahihi."

"Kaa chini," Fundi alimjibu. "Kibao kilikuita wewe kwanza."

Kesho yake alikwenda kwa nesi, ambaye sasa alikuwa ndiye msimamizi wa mpango.

"Mama, mkataba mzuri huu. Kwa nini hutii sahihi?"

"Kifungu cha nne, mwanangu."

"Wanaotoa fedha wanataka matokeo. Nikiwapelekea watu walioongezeka watafunga. Na mimi nimeajiriwa tu."

"Nimekuelewa. Hebu niambie, mgonjwa homa yake isiposhuka, mnamfukuza?"

"Hapana."

"Mnamfanyaje?"

"Tunamlaza," nesi alisema, na kabla hajamaliza alikuwa ameanza kucheka.

"Mimi kitanda sina. Nina mlango."

Nesi aliweka kalamu chini, akauliza swali la mtu wa kazi. "Basi ripoti itasema nini?"

"Hesabu waliorudi. Mtu aliyeondoka kwa aibu akarudi kwa miguu yake, hayo siyo matokeo?"

"Hayatoshi peke yake. Watataka presha na sukari."

"Nani amekukataza kupima? Pazia lipo."

Itambulike hapa kwamba kazi kubwa iliyofuata ilifanywa na nesi huyo. Wakubwa wake walimkatalia, akaandika upya, wakamkatalia tena. Mwishoni mwa Novemba walikubali majaribio ya mwaka mmoja: hakuna anayeondolewa, presha na sukari vipimwe faraghani, na wanaorudi wahesabiwe. Fundi alitia sahihi kwa herufi kubwa kama za mchora vibao. Mwaka ulipoisha, presha za wengi zilikuwa zimeshuka, za mpishi zikiwamo, na watu ambao kikundi kilikuwa kimewapoteza walikuwa wameanza kuingia mmoja mmoja, wakichungulia kwanza. Mpango ule sasa uko katika mitaa mingine miwili. Kifungu cha nne siku hizi kinasema: "Anayerudi apokewe." Kibao kiliokolewa kwenye kifusi, kikatundikwa ukumbini. Hakuna aliyekubali kiongezewe neno.

Fundi alianza kuugua Mei 2023. Tumbo lilimsumbua, hamu ya chakula ikapotea, na vipimo vya hospitali vikatoa jibu ambalo aliomba aambiwe lote. Mwili ambao miaka sabini na miwili haukukubali kushuka ulianza kushuka wenyewe. Sokoni alikutana na mteja wa zamani aliyemkumbatia kwa furaha. "Fundi! Hatimaye umepungua! Hongera!"

"Asante, mwanangu. Ila hii siyo yetu. Hii ni ile nyingine."

Aliporudi nyumbani alimsimulia mumewe huku akicheka, kisha akamwomba mkate, akala nusu kipande ili kumridhisha. Magauni yake yalipomlegea alimwita mpishi ayapunguze. Mpishi, ambaye alikuwa amejifunza cherehani kwa Fundi tangu siku za ghala la unga, alichukua mkasi aondoe kitambaa kilichozidi. Fundi akamshika mkono. "Usikate. Piga bandi tu. Hujui kesho." Kwa miezi ile yote hakuna gauni lake lililokatwa. Jumanne alipoweza alipelekwa ukumbini, akakaa karibu na mlango, na kila aliyeingia akiwa na aibu usoni alimkuta yeye kwanza.

Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Novemba 2023, dirisha likiwa wazi upande wa kiwanda cha mikate, mumewe akiwa amemshika mkono.

Gauni aliloagwa nalo leo lilishonwa na mpishi Ijumaa, kwenye cherehani ya marehemu, mara ya kwanza kuiendesha bila mwenyewe kuwa chumbani. Dada yake mkubwa alipoligeuza kulikagua, kama ilivyo desturi yake kukagua kila kitu, alikuta vidole viwili vya kitambaa kila upande, vimekunjwa vizuri na kufichwa.

"Wee, umeacha kitambaa chote hiki cha nini? Si yeye mwenyewe aliyesema sanda haihitaji akiba?"

"Dada," mpishi alijibu, machozi yanamtoka, "huko anakokwenda hatujui wanakula nini."

Chumba kizima kiliangua kicheko, hata mwoka mikate aliyekuwa sebuleni akachungulia kuuliza kuna nini. Alipoambiwa, alikishika kile kitambaa cha akiba. "Kama kuna mkate," akasema, "hicho hakitoshi. Ongezeni."

Fundi ameacha mume, mwoka mikate mstaafu ambaye bado anaamka na tanuri. Watoto watatu, fundi umeme, mwalimu na dereva wa lori. Wakwe, ambao aliwapima viuno kabla ya kuwauliza kabila. Wajukuu wanane na kitukuu mmoja aliyezaliwa Septemba, mkubwa, na mizigo yake. Dada yake mkubwa na mdogo wao wa mwisho. Mawifi na mashemeji. Nesi, aliyemwita mwanangu na akawa. Na mpishi, ambaye familia imemkabidhi cherehani, sindano nene na ufunguo wa ukumbi.

Kesho ni Jumanne. Ukumbi utafunguliwa saa kumi na moja jioni kama kawaida, na mpishi ameomba isomwe hapa kwamba waliopotea muda mrefu waje na nguo ileile ya zamani, hata kama hawawezi tena kuifunga. Kitambaa kipo.

Apumzike kwa amani Fundi wetu, katika nguo isiyombana.